Maji ya Nyuzi Tisini na Sita

Kabla sijasema lolote kuhusu yule binti, niseme kwanza habari ya kalamu nyekundu, maana balaa lote lilianzia hapo.

Nilipoanza kazi kiwandani Dar es Salaam, kalamu nyekundu ilikuwa kitu cha kuombwa. Ilikaa kwenye droo ya karani mkuu, na ukiitaka unaeleza sababu. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakafunguka, makontena yakashushwa, mitumba ikapanda mpaka mabegani mwa wakubwa, na wamachinga wakaanza kupita na kalamu nyekundu za pakiti. Nilinunua pakiti nne kwa mkupuo, kama mtu aliyesikia kwamba sukari inakaribia kuadimika. Tangu hapo nikawa nasahihisha kila chenye maandishi kilichopita mbele yangu: ripoti, barua za likizo, hata tangazo la kikao lililobandikwa kwenye geti la hospitali. Lile tangazo lilikuwa limekosea siku, na nilikuwa sahihi. Nalitaja kwa sababu ni mara chache katika habari hii nitakapokuwa sahihi.

Kiwanda chetu kiliuzwa. Wenye mali wapya wakaja na wataalamu wao, sisi tukapewa mkono na barua. Nikahamia Dodoma, ambako hospitali moja ilikuwa ikitafuta mhandisi wa kutunza mashine zake. Nilipewa karakana nyuma ya jengo la kufulia, meza moja yenye miguu mitatu mizima, na mashine za msaada zilizotoka pembe zote za dunia. Moja ilikuja na kitabu cha maelekezo cha lugha ambayo hakuna aliyeweza hata kuitambua. Daktari mmoja alisema ni Kihungaria, mwingine akasema ni Kifini, na mashine yenyewe ikakaa pale miaka miwili ikisubiri wakubaliane.

Hapo Dodoma ndipo nilipopata ugonjwa wangu wa pili, ugonjwa wa kulea wanafunzi. Kila likizo chuo kikuu kilituletea vijana wa uhandisi kwa mafunzo ya vitendo. Wengi wao walichotaka ni sahihi yangu kwenye fomu na nauli ya kurudi kwao. Lakini kila mwaka alikuwepo mmoja, mara chache wawili, ambaye ukimwonyesha mashine iliyokufa haulizi inafunguliwaje, anauliza kwa nini imekufa. Huyo ndiye niliyemng'ang'ania. Nilimkalisha kwenye ile meza na kumpa hotuba yangu, ambayo baadaye niligundua walikuwa wakiiigiza bwenini, mmoja akijifunga taulo tumboni awe mimi. Hotuba ilisema hivi: kiwandani kwetu tulijua kufungua na kufunga, lakini siku wenye mali wapya waliponunua wakauliza kwa nini mtambo uliwekwa vile na si vingine, hakuna aliyekuwa na jibu. Nendeni mkasome mpaka mwisho. Msirudi na shahada moja. Rudini na uzamivu, mkae viwandani na mahospitalini, mtu akiuliza kwa nini, awepo wa kumjibu.

Mimi mwenyewe niliomba nafasi ya uzamivu mara tatu. Fomu zangu zilifika mbali kuliko mimi.

Sasa, kanuni ya kwanza ya karakana yangu ilikuwa madaftari mawili. La kwanza ni daftari chafu, la kuandikia pale pale kwenye mashine, na grisi yake na jasho lake. La pili ni daftari safi, ambalo mwanafunzi alihamishia kila kitu jioni kwa mwandiko wa kusomeka. Sote tulilelewa hivyo tangu shule ya msingi. Daftari chafu lilikuwa nguo ya shambani, daftari safi nguo ya Idi. Mimi nilikagua lile chafu wiki ya kwanza tu ili kuona kama mtu anajua kuandika vipimo, halafu nikalisahau. Lililokuwa na thamani kwangu ni lile safi, na kazi ikiisha nilikuwa nawaambia wazi: lile jingine tupeni, lisije likawaaibisha.

Yule binti alikuja karakana akiwa mwaka wa mwisho. Alikuwa mtu wa mtaa wa Majengo, wa ukoo wa Kiislamu uliofika Dodoma na misafara ya zamani, kabla ya reli, na jamaa zake hawakuruhusu usahau hivyo. Alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akiuza karanga ukingoni mwa soko, karibu na wauza nafaka. Nilimfahamu yule bibi kabla sijamfahamu mjukuu, kwa sababu kila Ijumaa nikienda nyumbani Nkuhungu nilipita kwake kununua karanga. Karanga zake zilikaangwa kwa chumvi ya kiasi chake na hazikuwa na mchanga, jambo ambalo kwa Dodoma na upepo wake ni karibu na muujiza.

Adabu ya yule binti ilikuwa ya kuchosha. Aliniamkia asubuhi, tukikutana tena saa nne penye bomba ananiamkia upya, kana kwamba ile shikamoo ya mwanzo imekwisha muda wake. Nikisema jambo, alisema "Ndiyo, Mwalimu" kabla sijafika mwisho wa sentensi. Lakini mbele ya mashine alikuwa mtu mwingine kabisa. Alichagua mwenyewe kazi yake ya utafiti, na aliichagua mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tukipita kila siku bila kutazama.

Wadi ya upasuaji ilikuwa na sanduku la chuma la umeme la kuchemshia vyombo. Manesi waliliita sufuria kubwa. Maji ya mji yana chumvi, na ile chumvi hujenga ukoko mweupe kwenye koili, mgumu kama sakafu. Ukoko ukinenepa, maji yanachelewa kuchemka, vyombo vinachelewa, na mgonjwa anangoja kitandani ameshaandaliwa. Binti akataka kujua: ukoko wa unene gani unachelewesha maji kwa muda gani, na koili iundwe vipi ili usishike. Alilinganisha maji ya mji na maji ya bwawa la Hombolo, ambayo aliyaleta mwenyewe kwenye madumu, akishuka stendi na mzigo wake kama mama mwenye arusi nyumbani. Alikaa juu ya kreti la soda, saa mkononi, kipimajoto ndani ya sanduku, akiandika kila dakika tano. Nilimwona siku ya kwanza nikajisemea kimoyomoyo, huyu ndiye.

Bibi yake alikuja siku moja kumletea chakula. Alisimama mlangoni akatazama lile sanduku linavyotoa mvuke.

"Ndicho anachosoma hiki?" aliniuliza.

"Ndicho, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa hiyo serikali imemsomesha mjukuu wangu mpaka chuo kikuu, aje kuchemsha maji."

"Anapima, Bibi. Si kuchemsha tu."

"Mimi nimechemsha miaka hamsini bila kupima, na watu wamekunywa." Akaweka hotpoti chini. "Mpime vizuri basi, maana mkikosea ni aibu kubwa zaidi."

Mwisho wa likizo tuliichapa ripoti kwenye duka la uchapaji mjini, na nikaikagua mara sita kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa safi mno. Tukaituma kwa faksi. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha vifaa vya hospitali huko Ulaya, kilichoungana na chuo kikuu kutafuta wanafunzi wachache kutoka nchi kama yetu. Miaka mitano, uzamili na uzamivu kwa pamoja, nusu darasani na nusu kiwandani. Katika wanafunzi wote niliowang'ang'ania, hakuna aliyewahi kupata mlango mpana namna hiyo. Na si yeye tu aliyekuwa akiungoja. Barua yao ya kwanza ilisema kwamba watateua pia karakana moja ya kushirikiana nayo, yenye msimamizi anayeaminika. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima.

Jibu likaja. Binti ameingia kwenye orodha ya mwisho. Wageni wawili wanazunguka hospitali za nchi, na watafika Dodoma Alhamisi ya wiki inayofuata kumsaili. Chini kabisa, kwa mkono, mmoja wao, profesa wa chuo kile, alikuwa ameandika maneno machache. Alisema kazi imempendeza, ila kuna kitu hakimpi usingizi. Katika majedwali yote maji ya Dodoma yanachemka kwa nyuzi mia kamili, kila siku, bila kupungua hata nukta. Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita elfu moja. Tafadhali mwanafunzi aje na daftari la vipimo lilivyoandikwa siku yenyewe.

Nilikaa. Ile meza ya miguu mitatu ikayumba.

Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Nilikuwa najua. Nimelijibu kwenye mitihani. Ila nililijua pwani, na pwani maji ni nyuzi mia, na nilipohama nilihama na zile mia zangu kama mtu anayehama na godoro. Miaka minne nilikuwa nakunywa chai ya nyuzi tisini na sita bila habari. Miaka minne mke wangu, mtu wa Tanga, alikuwa akilalamika kwamba maharage ya Dodoma hayaivi, na mimi, mhandisi, nikimwambia ni mkaa, mara nikimwambia ni mbegu, na mara moja, Mungu anisamehe, nikimwambia ni haraka zake.

Nikamwita binti nikampa ile barua. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Nani alikwambia uandike mia?" niliuliza, na sauti ilikuwa juu.

Alitazama sakafu. "Nimekosea, Mwalimu."

"Hukupima?"

"Nilipima siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo sikupima joto tena, nilipima muda tu."

"Kwa nini hukupima?"

Hapo hakujibu kabisa. Nikamwaga hasira zangu zote. Nilimwambia kwamba mhandisi asiyepima ni mpiga ramli. Nilimwambia mengine pia, na yote alisema "Ndiyo, Mwalimu."

Tulipima upya mchana ule ule. Kipimajoto kilipanda mpaka tisini na sita na kitu, kikagoma. Lakini hiyo haikutusaidia. Profesa hakuhitaji kuambiwa maji ya Dodoma yanachemka wapi, alishajua. Alichotaka kujua ni kama binti huyu aliwahi kupima chochote, au alikaa chini ya feni akanakili kitabu. Zile siku tatu za mwanzo, zilizoandikwa kwenye karatasi moja ya daftari chafu, ndizo ushahidi pekee kwamba aliona tisini na sita kwa macho yake akaandika tisini na sita kwa mkono wake.

"Liko wapi daftari chafu?"

"Nilimpa Bibi," alisema. "Ulisema tusiyaweke."

Bibi alikuwa akifungia karanga.

Ilikuwa Jumatatu. Tulikwenda Majengo kwa miguu, mimi mbele, yeye hatua mbili nyuma kwa adabu zake. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake ungo, na kwenye ungo zimesimama pembe za karatasi zilizojaa karanga. Karatasi zote zilikuwa za miraba, za hesabu. Hata kwa mbali nilizitambua tarakimu.

"Karatasi za mjukuu wangu ni nzuri," alisema baada ya salamu. "Nzito, hazipenyezi mafuta. Za magazeti zinachafua."

"Bibi, tunazihitaji."

"Zote?"

"Zote."

"Na karanga?"

Nikanunua karanga zote. Tukakaa chini palepale kwenye vumbi la soko, tukakunjua pembe moja moja na kumwaga karanga kwenye mfuko wa rambo. Mhandisi na mhitimu mtarajiwa. Wauza mahindi waliacha biashara zao wakaja kutazama. Mmoja aliuliza kama tumepoteza hirizi. Tulipata ukoko wa wiki ya tatu, tukapata maji ya Hombolo ya wiki ya tano, karatasi zote zina muda, hakuna hata moja yenye joto. Siku tatu za mwanzo hazikuwepo.

"Zile za mwanzo nilianza kuzitumia tangu zamani," Bibi alisema. "Daftari nachana kuanzia juu." Alimtazama mjukuu wake, akaacha kutania. "Kwa hiyo safari yako inategemea karatasi hizo?"

"Ndiyo, Bibi."

Yule bibi akainuka. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akiinuka kwa kasi vile. Jumanne yote na Jumatano yote alipita Majengo mlango kwa mlango kwa wateja wake, akiuliza kama kuna mwenye karatasi yake, na kuwapigia hesabu ya nani alinunua siku gani, kwa kumbukumbu ambayo mimi na madaftari yangu mawili hatukuwa nayo. Akaleta karatasi tisa. Moja ilikuwa imezibia tundu la dirisha la kinyozi. Moja ilikuwa na hesabu za mtoto wa shule upande wa pili, na nilijizuia nisizisahihishe. Hakuna iliyokuwa ya siku tatu za mwanzo.

Jumatano jioni binti aliniambia hana haja ya kuzunguka tena. "Nitawaambia nilikosea. Wakinikataa, basi." Alisema kwa utulivu ule ule wa shikamoo, na nilitamani apige kelele. Niliumia. Nilienda nyumbani nikiwa nimeumia kweli, na bado nikiwa namlaumu yeye.

Alhamisi asubuhi, kwa ajili ya wageni, nilitoa kabatini koti langu la suti. Nilikuwa sijalivaa tangu arusi moja ya mjini, Ijumaa moja, nilipopita Majengo nikiwa nimevalia hivyo hivyo na Bibi akanitania kwamba leo nanunua karanga kama mbunge. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Nikatoa pembe ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na karanga tatu.

Nikaikunjua. Siku ya kwanza, tisini na sita. Siku ya pili, tisini na sita, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo kwamba amebadilisha kipimajoto ili ahakikishe. Siku ya tatu, tisini na sita. Na juu ya tarakimu zote, kutoka kona hadi kona, kwa wino mwekundu na kwa mwandiko ninaoujua kuliko uso wangu: RUDIA! MAJI HUCHEMKA 100. VIPIMAJOTO VYOTE VIWILI VIBOVU, RUDISHA STOO. JOTO ANDIKA MIA, PIMA MUDA TU.

Sikuwa nakumbuka. Naapa sikuwa nakumbuka hata kidogo. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi, siku yenye mafuta na makelele, nikipita na pakiti yangu ya kalamu.

Yeye alikumbuka. Siku zote zile nilipokuwa nikimfokea, "Nani alikwambia uandike mia?", alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyemwambia. Angeweza kusema neno moja. Lakini mkubwa haambiwi kwamba amekosea, si na mtoto aliyelelewa na yule bibi, kwa hiyo aliona heri maji ya dunia nzima yabadilike kuliko kuniaibisha.

Nilisimama sebuleni na ile karatasi, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Mke wangu alikuwa mlangoni, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa lililogoma kuwaka.

"Hiyo karatasi una kazi nayo?" alisema, mkono ameunyoosha. "Lete niwashie."

Nitasema ukweli, kwa kuwa umri umeshaniruhusu. Mkono wangu ulikwenda. Haukwenda sana, kama kiasi cha shubiri moja, lakini ulikwenda. Hakuna aliyejua kwamba karatasi ile ipo. Ingewaka kwa sekunde tatu, na mafuta ya karanga yangesaidia. Binti angeenda mbele ya wageni akasema amekosea, kama alivyokwisha kuamua mwenyewe, na msimamizi anayeaminika angebaki anaaminika.

"Ninayo kazi," nilisema.

"Basi nipe gazeti."

Nikampa gazeti. Halafu nikamwambia kwamba maharage yalikuwa hayaivi kwa sababu ya mwinuko wa mji, na kwamba alikuwa sahihi miaka yote minne. Alinitazama muda mrefu, kipepeo cha jiko kimesimama hewani. Aliniuliza kama ninaumwa.

Binti alikuwa ananingoja kwenye geti la hospitali, amevaa baibui jipya, na bibi yake yuko pembeni na kanga zake za sikukuu. Nikampa karatasi bila salamu. Aliangalia tarakimu zake kwanza, uso ukafunguka. Kisha akaangalia ule wino mwekundu, akanitazama, akaufunga uso haraka haraka.

"Mwalimu," alisema polepole, "nikikata hapa juu na hapa pembeni, vipimo vitabaki. Wataona tisini na sita tu."

Alikuwa na mkasi kwenye mkoba. Alikuwa hata amejua pa kukata.

"Daftari la siku yenyewe halikatwi," nilisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilikufokea kwa kosa langu. Nisamehe, mwanangu."

Sijui kama alikuwa ameshawahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mwalimu. Mimi sikuwahi kuyasikia kutoka kwa yeyote kati ya wangu. Basi akaniamkia.

Wageni walikaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali. Profesa alikuwa mama wa makamo, Mtanzania aliyeishi ughaibuni muda mrefu, Kiswahili chake bado kizima. Mwenzake wa kiwandani alikuwa Mzungu mrefu aliyekunywa soda mbili bila kuongea. Mimi niliketishwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, kama mshitakiwa aliyefika mapema. Binti alieleza ukoko, akaeleza koili, akaeleza madumu ya Hombolo. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Kisha profesa akauliza lile swali, na binti akafungua bahasha akatoa karatasi iliyokunjamana, yenye madoa ya mafuta.

Mzungu aliinusa. Akasema kitu, profesa akacheka. "Anauliza kama ni karanga."

"Ni karanga, Profesa. Bibi yangu anauza."

Profesa akavaa miwani. Alizisoma siku tatu moja baada ya nyingine, kidole kikifuata mstari. Alikaa muda kwenye yale maandishi madogo ya kubadilisha kipimajoto. Halafu akaanza kusoma wino mwekundu, na akausoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "pima muda tu". Nilisikia feni, nikasikia toroli likipita nje.

"Nani huyu?" aliuliza. "Nani aliandika haya?"

Niliweka mikono kwenye benchi nijiinue. Nilikuwa nimeshaandaa maneno tangu getini. Lakini binti alikuwa mwepesi kuliko mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakungoja mkubwa amalize.

"Ni mwalimu wangu, Profesa. Alikosea," alisema. "Na ndiye aliyeniletea hiyo karatasi asubuhi hii. Nilitaka kuikata, akakataa."

Profesa alivua miwani. Alimtazama binti, akatazama karatasi, kisha akaikunja kwa kufuata mikunjo yake ile ile ya zamani mpaka ikawa karibu pembe tena, akaiweka ndani ya faili lake mwenyewe.

"Pasi ya kusafiria unayo?" alimuuliza.

"Sina, Profesa."

"Anza kuishughulikia kesho." Akafunga faili. Kisha akatazama nyuma, kule mlangoni. "Na mwambie mwalimu wako akae."

Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote ule nilikuwa nimesimama.